Herufi Kubwa za Bibi

Zuhra mjukuu wangu,

Nimekwenda Kolandoto kumwangalia Mama Salehe hospitalini, nitarudi alasiri. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue. Mwambie babu yako kile kitenge cha kijani asikiuze, nimekuwekea wewe.

~~Kompyuta ya dukani usiiguse.~~

Kitendawili! Nina mtoto, kila asubuhi namkuza, kesho yake namkuta kichanga. Umeshindwa? Ni herufi za hiyo kompyuta! Kila nikifungua ukurasa mpya niandike tangazo la mlangoni, zinakuja zilezile nyembamba zenye mikia, nami naita, "Zuhra, njoo unikuzie!"

Leo asubuhi ukaniambia, "Bibi, kumbe naweza kuziweka nene na kubwa zibaki hivyo siku zote. Hutaniita tena." Nikakufokea, chai nikaiacha mezani. Ulidhani nimeichukia mashine? Jumamosi unaolewa, unakwenda zako Geita, halafu unaniondolea hata sababu ya kukuita!

Sasa nikiwa navaa viatu nimefikiri: ukishaondoka, nitamwita nani? Babu yako kompyuta anaogopa hata kuifuta vumbi.

Basi, iguse. Ziweke nene, kubwa, zisizo na mikia, zibaki hivyo. Ila barua zako za kutoka Geita ziandike kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nikishindwa kuzisoma, itabidi uje unisomee mwenyewe.

Chai nimeimalizia, ilikuwa imepoa.

Bibi yako mkorofi