Mazishi yaliyomsubiri Lilian

Gidi, nimechoka hata kuongea siwezi. Acha niandike tu.

Nimetoka kumzika mzee Heche, kule Nyansurura. Mimi nilipewa kazi moja: kurusha mazishi kwa kompyuta ili Lilian amwone baba yake akizikwa. Yuko Uturuki masomoni, hakuweza kuwahi.

Sasa kompyuta inashika waifai, lakini intaneti hakuna. Nikazima, nikawasha, wapi. Ruta haiipi anwani, ile namba ya kuingilia mtandaoni. Haiipi kabisa, na jeneza limeshatoka ndani.

Kumbe asubuhi Rubeni, baba mdogo wa Lilian, alitangaza pasiwedi ya waifai kwenye maiki ili wageni watume picha. Kwenye maiki, Gidi. Ruta ina anwani chache; simu za waombolezaji zikazimaliza zote, kompyuta ikakosa.

Ikabidi nimwendee mchungaji pale kaburini, nimwombe asubiri nibadilishe pasiwedi. Rubeni akasikia. "Yaani tuache kuzika kwa sababu ya simu?"

Watu wote wakanigeukia.

Aliyejibu ni mama Lilian, taratibu tu: "Si simu. Mtoto wangu hajafika."

Wakasubiri, juani. Nikabadilisha pasiwedi, nikawasha ruta upya, simu zote zikatoka. Kompyuta ikapata anwani.

Lilian akatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nilijua atalia. Akamtazama mama yake, akauliza, "Mama, umekula?"

Mama akaisogelea kompyuta.

Kompyuta aliishika Rubeni mwenyewe, Gidi, mpaka kaburi lilipofunikwa.