Mistari Mitano ya Majivu

Kolwezi, Jumapili. Baridi ya kiangazi, jua jeupe, upepo haujaamua uende wapi.

Leo nimefua nguo za marehemu mama mkwe wangu, Mama Kapinga, na mume wangu amenisaidia kuzianika. Nimeshukuru hadi nimelia juu ya beseni. Wiki hii nilidhani hatanisemesha tena.

Niandike tangu mwanzo, maana kichwa kimejaa.

Jumanne Mama Kapinga alifariki. Ilunga, mume wangu, ndiye mwanawe wa kwanza, na alikuwa Bukavu kikazi pamoja na mafundi wenzake. Chumba cha baridi cha hospitali kimeharibika, kwa hiyo maziko yalipangwa Alhamisi na hayangeweza kungoja. Ndege ndogo iliyowapeleka mafundi ingemleta Alhamisi asubuhi. Lakini siku ileile ya msiba, mlima wa moto kule Kivu ulianza kutoa majivu.

Majivu hayo si kama ya jikoni. Ni mawe yaliyosagika. Yakiingia kwenye injini ya ndege huiziba, na kioo cha rubani hukwaruzwa hadi asione mbele. Na mimi ndiye ninayekaa kituo cha hali ya hewa cha uwanja wetu wa ndege, kazi yangu kumwambia rubani kilichopo njiani.

Nani mwingine angeulizwa?

Alhamisi alfajiri niliketi na ramani. Kuhusu urefu wa moshi, watu wa Goma walisema hivi kwenye foni ya redio, wa Bukavu wakasema vile. Upepo wa chini ulikuwa ukisukuma magharibi, kuelekea msituni. Upepo wa juu hakuna aliyekuwa ameupima tangu juzi yake. Nikachora mstari mmoja wa njia ya majivu nikikadiria kwamba moshi ni mfupi. Nikachora mwingine nikikadiria kwamba ni mrefu, kisha mwingine nikiugeuza upepo kidogo, hadi ikawa mistari mitano. Miwili ilikwenda msituni. Mitatu ilishuka kusini, sawasawa na njia ya ndege.

Mkuu wangu, Tata Mutombo, akainama na abakosti yake, suti ya kiofisi iliyopigwa pasi, akaitazama, akacheka.

— Mama, rubani anaomba njia, weye unamuchorea ndevu za paka! Chora moja tu.

Ni mtu mwema, ila amezoea mstari mmoja mweusi ulionyooka. Mimi nimezoeshwa vingine, na aliyenizoesha ni Mama Kapinga. Hakuanika nguo hata siku moja bila kuwauliza majirani moshi wa kiwanda utaelekea wapi, maana moshi ule ukikuta shuka jeupe, shuka limekwisha. Aliuliza wa kulia, wa kushoto, na wa nyuma. Wakikubaliana, alianika zote nje. Wakibishana, aliacha matambara nje na kuingiza nguo zake nzuri ndani, akazitundika kutoka kabati hadi dirisha, sisi tukawa tunapita tumeinama. Mara nyingi moshi haukuja kabisa. Tulimcheka sana. Naye hakujali.

Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kubakiza mstari mmoja tu, wa msituni, na Ilunga angemzika mama yake. Nilitamani mno.

Rubani akaita kwa foni.

— Mama, niruke ao nibakie?

— Mistari tatu inapita mu njia yenu, mbili inaenda mu pori. Ya kweli ni gani, sijue.

Nilijua Ilunga amesimama nyuma yake, anasikia sauti ya mke wake.

— Bon. Tunabakia.

Tukamzika Mama Kapinga bila mwanawe.

Jioni habari zikafika kwamba anga lote la kusini hadi Kalemie lilikuwa safi, na kuna ndege nyingine iliyopita bila kukutana na vumbi lolote. Shemeji yangu, mdogo wake Ilunga, akaninyooshea kidole na kusema mbele ya watu wote wa matanga: "Bibi ya kaka yetu ndiye alimufungia kule." Nikaendelea kuwagawia watu chai. Nimwambie kwamba anga kuwa safi siku ile hakuthibitishi kuwa nilikosea? Hata masikioni mwangu lilikuwa jibu la mtu anayejitetea.

Ijumaa, mlima ulipokuwa umetulia, Ilunga alishuka kwenye ndege, akaenda kaburini moja kwa moja, peke yake. Alipofika nyumbani hakuketi. Akaomba aione ramani. Nilikuwa nayo mkobani, nikampa. Akaifuata mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, hadi wa tano.

— Mama angeanika mu nyumba, akasema.

Kisha akalia, nami nikalia. Shemeji alikuwa mlangoni, alisikia yote, akatoka nje.

Namshukuru rubani yule kwa kulipokea neno "sijue" kutoka kwa mtu wa ofisi. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu yuko hapa. Labda angefika salama Alhamisi pia. Hilo sitalijua kamwe, na nitaishi nalo.

Leo tulipomaliza kufua nguo, ili ndugu waje wagawane, ni shemeji aliyechungulia juu ya ua na kuwauliza majirani. Wa kulia akasema moshi wa kiwanda unaenda upande wa Mutoshi. Wa kushoto akasema unakuja kwetu. Shemeji akatugeukia, akasubiri. Ilunga akachukua kikwembe cha Pasaka cha mama yake, kitenge chake kizuri kuliko vyote, akakiingiza ndani na kukitundika kutoka kabati hadi dirisha.

Kesho nayo itaamka na upepo wake.

Mchana kutwa tumepita chini ya kikwembe kile tumeinama, shemeji naye. Moshi haukuja. Hakuna aliyecheka.