Mstari Ubavuni mwa Seren

Penarth

Kwa dada yangu mpenzi Lowri,

Nina miaka sabini na miwili. Nimewazika manahodha wanne, wake wawili, na yule daktari aliyesema sitauona mwaka mpya. Kwa hiyo usiulize kama mimi ni mzima. Ni mzima, isipokuwa hilo goti la kushoto. Wewe je, na baridi ya huko Patagonia, na wajukuu? Mkono wangu umezoea kamba kuliko kalamu, nivumilie.

Unamkumbuka Tudur Hopcyn, mtoto wa mshona viatu aliyeanza kwa kumenya viazi melini? Sasa ana meli kumi na moja, na anautaka ubunge. Anadai mstari wa mzigo ubavuni mwa meli, ule usiotakiwa kuzama, upangwe na serikali, si na mwenye meli. Matajiri wenzake wanamkimbia kama ukoma. Mimi nilijua atafika mbali. Baharia niliyemfundisha mimi haharibiki.

Jumanne alihutubia kanisani kwetu, watu wakajaa hadi ngazini. Akainuka Cadwgan mwuza nyama, akauliza kwa sauti ile ya kunadia maini: meli yako Seren ilipokaribia kuzama miaka kumi na miwili iliyopita, nani aliyeupandisha mstari wake? Safari ile Hywel, mpishi wetu melini, alipoteza mguu. Tudur akajibu kama alivyojibu siku zile, kwamba meli ni yake na mstari ni wake. Cadwgan akacheka, akasema basi leo mwizi wa kuku anatutungia sheria ya banda. Watu wakaanza kuchukua kofia zao.

Dada, hili hata marehemu wake zangu sikuwaambia. Mstari niliupandisha mimi. Nilikuwa nimejigamba bandarini kwamba Seren itabeba makaa mengi kuliko meli yoyote ya Cardiff, nikachukua brashi, nikausogeza juu shubiri nzima. Tudur aliiona rangi nyeupe kwenye viatu vyangu. Hakunikemea. Aliniuliza tu ni watoto wangapi bado wananitegemea. Na miaka yote hii kila Jumapili Hywel hukaa kiti cha mbele yangu.

Basi nikasimama, goti likalia kama mlango wa ghala, nikasema yote. Cadwgan akaniita muuaji. Hywel akagonga sakafu kwa mguu wake wa mti, akamwambia nyamaza wewe, mguu haukuwa wako. Kisha akanigeukia. Akanitazama mpaka nikatamani sakafu inimeze. Akasema kaa chini, mzee mpumbavu, goti lako linanipigia kelele. Mguu ulikuwa wangu, na kura yangu ni ya Tudur.

Kofia zikarudi misumarini, dada, moja moja.

Kura ni kesho. Hywel atanipitia asubuhi. Sisi wawili tukijumlishwa tuna miguu miwili ya kuaminika.

Wabusu wajukuu. Wakikwambia natia chumvi, muulize Hywel, au Cadwgan, ambaye hanipendi. Tudur usimuulize; yeye bado atasema mstari ni wake.

Kaka yako,
Ithel Bebb