Rangi ya Mtumbwi kwenye Breki

Jumapili, 3 Agosti 1986
Gurudumu la mbele kushoto nimelitoa tena. Kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, nimeisugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu rangi. Nyekundu, ya kupakia mitumbwi, Magesa aliletewa kutoka Murangi. Kalipa ya kulia aliipaka mwenyewe, siku chache kabla ya homa kumchukua. Alisema hewa ya ziwa inakula chuma. Uongo. Alipenda maringo tu.

Mume wangu ana wiki saba kaburini. Sisikii kitu. Napaka kwa sababu upande mmoja mwekundu na mwingine wa kutu unaniudhi.

Sitakiwi hata kuisogelea hii Pijo. Kwao mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaondolewe. Ndugu zake wanakuja Jumamosi kutoka Butiama. Gari litakwenda kwa shemeji Wambura, mdogo wa Magesa. Kila mtu anajua.

Jumatatu, 4 Agosti
Rangi ilichuruzika. Imefika kwenye diski na kwenye pedi zinazoibana. Dawa ya kuyeyushia rangi haipo mjini, dukani kuna viberiti na majani ya chai, basi. Nimesafisha kwa mafuta ya taa. Mengi. Imetoka vizuri, nikajipongeza. Gurudumu nimelirudisha.

Ofisini nilichapa barua mchana kutwa. Sikumbuki hata moja.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeiwasha baada ya kazi. Magesa alinifundisha kuendesha, ndugu zake hawajui. Nikaizungusha uani, nikakanyaga breki. Ikavuta kulia, ikaendelea kwenda, ikaingia kwenye ua wa minyaa. Nilipaswa kuogopa. Nilikaa tu pale, utomvu wa minyaa unadondoka kwenye kioo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemuuliza Mzee Chacha, dereva wa ofisi. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Pedi zikishakunywa mafuta ni za kutupa. Mpya zinatoka Sirari, akipata mtu wa kumwagiza, labda wiki ijayo.

Wiki ijayo ni mbali. Nikisema, watajua nimegusa. Mke anayegusa kabla ya matanga kuondolewa huambiwa alikuwa anakisubiri kifo chenyewe. Nisiposema, Wambura ataondoka nalo, na njiani kuna miteremko.

Nimepika ugali. Sikula.

Jumamosi, 9 Agosti
Walifika saa nne. Wazee watano, Wambura, na mama mkwe. Sala, chakula, kisha wakagawa. Koti, baiskeli, redio. Pijo kwa Wambura. Mimi sikuulizwa kitu.

Wambura akasema anampeleka mama nyumbani leo hii. Mama akapanda mbele, mfuko wake magotini. Akanipungia mkono.

Hapa angalau niandike ukweli. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilimwaza Wambura tu, na Wambura simpendi. Mama sikumwaza kabisa. Gari likaunguruma, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Shemeji, zima. Breki hazishiki. Ni mimi nilizigusa."

Alishuka, akachungulia nyuma ya gurudumu, akaona wekundu. "Kumbe ulikuwaga unangoja na sisi tufe?" Wazee wakajitenga, wakarudi. Mkubwa wao akasema kilichoguswa hakirithiwi, gari libaki na aliyeligusa. Na yeye asihesabiwe tena kwenye ukoo.

Wakaenda stendi kwa miguu. Nilitaka kumbebea mama mfuko. Akauhamishia mkono wa pili, akapita.

Nimebaki na gari. Nilidhani nitafurahi.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani watu walinisalimia kwa mbali. Au ni mimi niliyekuwa mbali. Nimelala mchana wote.

Ijumaa, 15 Agosti
Mzee Chacha ameleta pedi mpya, zimefungwa kwenye gazeti. Amezifunga garini mwenyewe. Breki zinashika. Sina pa kwenda.

Alhamisi, 21 Agosti
Mama mmoja anayeuza ndizi amenifuata ofisini. Ametoka Butiama, ni jirani wa mama mkwe, ana ujumbe. Ulezi umeiva. Mgongo unamuuma. Anauliza mkwe wake anakuja lini kuvuna.

Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole, akidhani sisikii vizuri. "Na amesema upande basi. Hiyo gari uiachage hukohuko."

Nilirudi kwenye mashine, nikawa sizioni herufi. Nikafuta macho kwa mikono yenye wino wa kaboni. Nimeingia kwa bosi kuomba ruhusa ya siku tatu nikiwa na uso wa bluu, akanipa bila kuuliza.

Basi ni kesho asubuhi. Kisu cha kuvunia nitakikuta kwake.