Koti Nililomvisha Naftali

KITUO CHA POLISI, KASKAZINI-MAGHARIBI YA LONDON
MAELEZO YA SHAHIDI

Tarehe: Jumapili, 11 Februari 1973
Muda wa kuanza: Saa tisa na dakika ishirini alasiri
Jina: Lila Rasik Thakrar
Umri: Miaka 34
Kazi: Mshonaji, kiwanda cha mapazia
Makazi: Wembley, chumba cha juu, nyumbani kwa Bi. Placida
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Bw. Himid Shaame, mzaliwa wa Unguja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa Kampala, na tangu Oktoba mwaka jana niko nchi hii pamoja na baba mkwe wangu, Ranjan Thakrar, miaka 71. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Naomba hilo liandikwe. Bwana Himid ameshaniuliza mara mbili kama nataka maji. Sitaki maji. Nataka mumwachie Naftali Amukoa. Hakumpiga mtu na hakuiba kitu.

Naftali ni Mkenya, anasomea uuguzi. Kila Jumapili hujitolea katika kikundi chetu cha matembezi. Kikundi alikianzisha Bi. Placida, Mgoa aliyetoka Nairobi mwaka 1968, baada ya kutuona sisi Wahindi tuliofukuzwa Uganda tumejifungia vyumbani tunakodolea macho hita ya mafuta ya taa. Hakuna anayelipwa hata peni. Tunaishi kwa vya kupewa na kwa mikono yetu. Buti zimetoka kanisani kwake, chai nachemsha mimi, chapati anapika aliyewahi kuamka. Mwezi uliopita mwenye duka moja la nguo kuukuu alituletea makoti kumi na mawili ya jeshi, mazito, ya kijani, yenye vifungo vya shaba. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kutafuta mkasi.

Makoti kumi na moja niliyabadilisha mwenyewe. Niling'oa vifungo vya shaba, nikashona kola za vitambaa vya mapazia vyenye maua. Walinicheka, wakasema tunatembea kama madirisha. Bi. Placida akaniuliza, "Lila, mwenzetu, mbona unajisumbua hivi?" Nikamwambia ni urembo tu. Koti la kumi na mbili sikuwahi kulimaliza.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya Baba. Tangu tufike hakuwa ametoka nje ila kwa daktari. Naftali ndiye aliyemshawishi. Huja jioni akitoka darasani, wanacheza karata, wanazungumza Kiingereza, na Baba humwibia karata waziwazi naye hujifanya haoni. Kiswahili Baba anakijua vizuri sana, lakini tangu tuondoke Kampala hataki kukisikia. Mimi mwenyewe nikiwa naye naongea Kigujarati. Naftali sikumwambia sababu. Ningemwambia, leo tusingekuwa hapa.

Leo saa nne na robo asubuhi tulikusanyika mlangoni pa Bi. Placida, watu kumi na wanne, tukaenda kilima cha Barn Hill. Baba alitembea mbele na Bi. Placida. Naftali alikuwa wa mwisho na filimbi shingoni, kwa sababu ni kanuni yetu kwamba wa mwisho ndiye mchungaji wa wote, akiona mtu anapotea njia anapuliza. Alikuwa na sweta tu. Koti lake humgawia mtu mwingine kila wiki, huyo kijana hana dawa.

Saa tano na nusu mvua ya theluji ilianza. Lile koti la kumi na mbili nilikuwa nalo kwenye kapu, la akiba. Nikamwambia, "Vaa hili, usije ukatufia huku." Akasema, "Hapana, dada Lila, mpe mwingine." Nikamvisha kwa nguvu, nikamfunga vifungo mpaka kidevuni. Vifungo vya shaba. Haki ya Mungu, nilifikiria baridi peke yake.

Dakika kama kumi baadaye tulifika karibu na bwawa. Wenzetu walikuwa wamekwisha kuteremka upande wa pili. Baba alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba ya buti, kisha akaanza kwenda moja kwa moja kwenye barafu nyembamba ya ukingoni, nadhani aliiona kama njia. Mimi nilikuwa hatua ishirini hivi. Naftali akapuliza filimbi. Baba hakusimama. Ndipo Naftali kwa hofu akapiga kelele kwa Kiswahili, "Mzee, simama! Simama hapo hapo!"

Baba aligeuka. Akaliona koti. Alinyanyua mikono yote miwili juu, kisha akapiga magoti, akavua saa yake ya mkononi, akainyoosha mbele. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye vizuizi vya barabarani, njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, mara tano. Askari wote walituamrisha kwa Kiswahili.

Naftali hakuelewa. Alikimbia akaipokea saa isianguke, akamshika mkono amwinue. Baba alijivuta nyuma, barafu ikapasuka, akatumbukia. Naftali akaingia majini hadi kifuani na koti lake, akamkamata kwapani. Baba alikuwa anampiga ngumi za uso na kusema, "Chukua, chukua, usiniue." Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mwenye mbwa, akadhani mzee anapigwa na kuibiwa, akakimbia kuita polisi.

Polisi wawili walifika kabla ya saa sita. Walimkuta Naftali amekwisha kumtoa Baba majini, amelowa chapachapa, saa ya mzee imo mkononi mwake. Alipofungwa pingu aliniita, "Dada Lila, waambie! Dada Lila!" Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mti na chupa ya chai tangu nilipowaona polisi. Nilimsikia. Sikutoka. Nilimwona akiingizwa garini na bado nilinyamaza.

Bwana ofisa ananiuliza kwa nini. Tarehe 9 Septemba mwaka jana, saa moja asubuhi, askari watatu walikuja kwetu Kampala wakamwambia mume wangu Rasik, "Twende kituoni utoe maelezo, dakika mbili tu." Chai yake niliifunika kwa kisahani. Sijamwona tena. Kwa hiyo mtu akiniambia kutoa maelezo, mimi mwili wote unakufa ganzi. Naogopa hata sasa ninavyosema. Naogopa huo mlango uliofungwa nyuma yangu.

Saa nane mchana, hospitalini alikopelekwa, Baba alifumbua macho akaniambia, "Nimempa saa. Labda watamrudisha Rasik." Nikamwambia, "Baba, yule hakuwa askari. Alikuwa Naftali, Naftali wa karata." Akauliza yuko wapi. Nikamjibu kwamba polisi wamemchukua akatoe maelezo. Baba alinishika mkono akanifinya mpaka ukauma. Akasema, "Na wewe umekaa hapa unafanya nini? Nenda."

Nimeonyeshwa saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi uliokatika. Naitambua, ni ya Baba. Aliitoa mwenyewe. Koti nililoonyeshwa ni la kikundi, na aliyemvisha ni mimi.

Sina la kuongeza. Bwana Himid amenisomea yote kwa Kiswahili, na ni maneno yangu, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Sahihi: L. R. Thakrar

Maandishi ya ofisa: Nimeyapokea maelezo haya mimi, Sajini D. Whitlock, na kuyafunga saa kumi na dakika arobaini. Shahidi alifika na kapu lenye sari moja, mswaki na blanketi, akaeleza kuwa ni vya kulalia humu. Ufunguo wa chumba chake alikuwa ameuacha kwa mwenye nyumba. Bw. Amukoa ameachiwa saa kumi na moja na dakika tano, na saa ya mzee amekabidhiwa shahidi. Shahidi alipoambiwa anaweza kwenda hakuinuka. Aliuliza mara tatu, "Nyumbani kwangu?" Bw. Amukoa alimbebea kapu. Walipofika mlangoni, shahidi alimwomba mkalimani aufungue kwanza, ahakikishe kwamba nje kuna barabara.