Kitabu cha Mwisho na Lakiri ya Jibini

Shangazi Hester,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na kama barua hii itatoka kwenye gazeti la Ijumaa nitakuwa mlangoni kwa muuza magazeti kabla hajafungua, maana hali niliyo nayo sikai wala situlii, nimepiga pasi mapazia yaleyale mara mbili, na jana nilimtilia fundi wa mabomba chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote kwa adabu, maskini wa Mungu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, naishi katika mji mdogo huku Yorkshire ambao sitautaja, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwanachama wa chama cha wapenzi wa vitabu vya Enzi ya Birika. Kama hujavisoma, Shangazi, ni habari za nchi ambayo mfalme wake alikufa bila mrithi, taji likawekwa juu ya birika la chai kwa dakika moja tu wakati watu wanatafuta mahali pazuri pa kuliweka, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuliondoa, kwa hiyo birika ndilo linatawala, likichemka ni sheria, likipoa ni msiba wa taifa, na karani mmoja mwoga aitwaye Upupu ndiye anayewatafsiria mabalozi mluzi wake. Kitabu cha kwanza nilikisoma ndani ya basi, nikacheka mpaka dereva akasimamisha gari akaniuliza kama nahitaji daktari.

Tunakutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, chumba cha juu cha baa, kila mtu na kifuniko cha birika kichwani, na usinicheke, maana huenda hapo gazetini kwenu kuna mtu mzima na akili zake anayejipaka rangi usoni timu yake ikicheza. Mimi ndiye msomaji wao. Karani Upupu namsemea puani, mabalozi nawapa sauti ya wakaguzi wa tiketi za treni, na siku nikiumwa koo mkutano huahirishwa.

Sasa kuna Thelma. Ana miaka themanini na moja, ndiye aliyekuwa na duka la vitabu pale sokoni, ndiye aliyenitia kitabu cha kwanza mkononi nilipoingia dukani kwake kukwepa mvua, na tangu mama yangu afariki yeye ndiye mtu pekee duniani anayeniuliza kama nimevaa koti.

Miaka sita iliyopita mwandishi wetu aliaga dunia, akaacha kitabu kimoja cha mwisho, cha kumi na nne. Maboksi yalifika dukani kwa Thelma siku tatu kabla ya kuuzwa. Mkutano wa mwezi ule alisimama macho mekundu, akasema, "Wapenzi wangu, hiki tusikisome. Kikibaki kimefungwa, bado tuna kimoja mbele yetu. Mtu mwenye kitabu kimoja mbele yake hajawa yatima." Tukalia wote, mpaka mwenyekiti wetu Clive, ambaye alikuwa msoma mita za gesi na hajawahi kulia hata mbwa alipomng'ata kazini. Tukaapa. Clive akaifunga nakala ya kila mtu kwa nailoni, akaigonga muhuri wa lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, na kila mwezi wa Mei tunavipanga mezani, yeye anapita na kioo cha kukuzia akikagua lakiri moja moja. Ni marufuku kusikiliza habari za kitabu hicho popote. Clive alimfukuza chumbani hata shemeji yake mwenyewe kwa sababu alianza kusema, "Ile sura ya kwanza..."

Shangazi, mimi nimekisoma.

Ilikuwa Februari mwaka huu, wiki tuliyomzika mama. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka na sahani zao, nyumba imenyamaza, nikataka sauti ile moja tu inayojua kunichekesha, nikaichana nailoni kwa kisu cha siagi. Na adhabu yangu niliipata palepale, kwa sababu kitabu ni kibovu. Naandika neno hilo mkono unakataa. Mzee wetu mwandishi alikuwa mgonjwa alipokitunga na inaonekana, kichekesho kinaanza kisha kinasahau kilikuwa kinakwenda wapi, mama mkwe wa Upupu ana majina mawili, balozi mmoja anakufa sura ya tisa na sura ya kumi na moja anaomba aongezwe mkate. Kilichonichekesha ni kimoja tu, wakili ambaye ni bata bukini, anakula ushahidi mbele ya hakimu. Huyo ni mpya kabisa, hayumo katika vile kumi na tatu, wala kwenye jalada hayupo. Nilicheka mara moja kisha nikalia, kwa sababu hapo mzee wetu wa zamani alikuwa amechungulia dirishani, akaondoka.

Nikakifunga tena. Nailoni niliipata jikoni, nikaibana kwa pasi, lakini lakiri sikuwa nayo, basi nikayeyusha ile nta nyekundu inayozunguka jibini nikaigonga kwa kifungo cha koti. Mei ilipofika Clive akakiinua, akakitazama, akakinusa.

"Nakala yako inanukia jibini, Jean."

"Ninaiweka jikoni," nikasema.

"Kitabu kitakatifu unakiweka jikoni?"

"Wewe chako si unakiweka kwenye banda la zana?" akaingilia Thelma. "Mwache mtoto wa watu." Wakacheka, nikapona, na tangu siku hiyo jibini silili.

Sasa juzi Thelma kaniita kwake. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, ananitazama kwa pembeni kama afanyavyo siku hizi.

"Macho yananiaga, kipenzi," akasema. "Daktari anasema kufika Krismasi nitaona ukungu mtupu. Njoo Jumamosi, leta nakala yako, ukate lakiri, unisomee."

"Na kiapo?"

"Kiapo nilikileta mimi, nakivunja mimi."

"Clive atasemaje?"

"Clive atanuna. Si ndiyo kazi yake tangu astaafu?"

Nikajaribu kumwambia labda ni heri kibaki kimefungwa. Akanishika mkono, ana nguvu bado, akasema, "Miaka sita ananikalia kifuani huyu mzee. Nimechoka. Ila usikimbize maneno kama ulivyozoea. Na yule bukini, utampa sauti gani?"

"Nitafikiria," nikasema, nikashika koti nikatoka mbio, mwavuli nikausahau, na mvua ikaninyeshea njia nzima.

Na hapa ndipo unisaidie, maana tangu siku ile nimefanya jambo ambalo sijui kama ni huruma au wazimu. Nimeanza kukiandika upya. Nina daftari, nimetengeneza sura nne, nimetunga vichekesho thelathini na kimoja, balozi sijamuua, mama mkwe nimempa jina moja, na karatasi nimezikata kwa kipimo cha kitabu ili nikigeuza ukurasa Thelma asikie mlio uleule. Yeye maandishi hayaoni tena. Atacheka, ataondoka na kicheko hicho gizani, atadhani mzee alimuaga vizuri. Lakini nikishika kalamu naiweka chini, nikiiweka chini naishika tena. Nikimsomea kitabu chenyewe nitamvunja moyo. Nikimwambia nilikwisha kukisoma nitampoteza, na baada ya mama sina mwingine. Nimsomee cha mzee au changu? Au nianguke ngazi nivunjike mguu, yaishe?

Mwenye Mikono ya Jibini, Yorkshire

*

Mwenye Mikono ya Jibini,

Kwanza weka pasi chini. Ngazi ziache zilivyo, mguu uliovunjika hausomi wala hausomewi.

Pole kwa mama. Hilo nalisema kwa dhati, kwa sababu katika barua yako yote umelipitia upesi upesi kama mtu anayevuka barabara, na nadhani nusu ya hiyo hali ya kutotulia inatoka huko. Mtu aliyemzika mama yake akafungua kitabu kutafuta kicheko hajamkosea yeyote. Umeikosea lakiri, na lakiri haina moyo. Ulichofanya na jibini ni aibu ndogo, na kusema kweli nilicheka mpaka msichana wa ofisi ya jirani akaja kuchungulia.

Lakini daftari! Hapo nakugombeza na usinikatize. Thelma amekuomba umwazime macho. Macho kazi yake ni kumletea mtu kilichopo. Wewe umekaa na mkasi unakata karatasi ili sikio la mwanamke anayepofuka lidanganyike vizuri, kisha unaniuliza kama ni huruma. Jean, maana jina lako umeliandika mwenyewe ukasahau kulificha, hivyo ndivyo ulivyo mahiri wa kuficha mambo, huo ni wizi wa taratibu. Utamnyang'anya yule mzee maneno yake ya mwisho, na utamnyang'anya Thelma haki ya kumsikitikia. Tena utakamatwa. Mwanamke aliyeishi na sentensi za mtu huyo kwa maisha yake yote atakujua kabla hujageuza ukurasa wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ina daftari na kipimo cha karatasi.

Sasa chukua barua yako uisome tena, taratibu, usikimbize maneno. Umeniambia wakili bukini ni mhusika mpya. Hayumo katika vile kumi na tatu. Kwenye jalada hayupo. Katika chama chenu ni marufuku hata kutaja sura ya kwanza. Kisha ukaniandikia kwa mkono wako kwamba Thelma amekuuliza bukini utampa sauti gani.

Amemjulia wapi?

Naweza kukosea, sijawahi kumwona mama huyu. Lakini maboksi yalikaa dukani kwake siku tatu, naye ni muuza vitabu, na mimi sijamwona fisi anayelinda bucha kwa kuangalia nyama tu. Nadhani alikisoma siku hizo tatu. Nadhani aliona yote uliyoyaona, mama mkwe mwenye majina mawili na maiti anayeomba mkate, akalia yale machozi ambayo ninyi mlidhani ni ya msiba tu. Akaja akawafungia mlango wote kwa kiapo kizuri, ili watu waliompenda mzee wao wasimwone akijikwaa. Miaka sita amekaa na siri hiyo peke yake, na kila Mei anaketi mezani anamtazama Clive akikagua lakiri. Ulipokaribia kuumbuka na jibini lako, nani alikuokoa? Huenda alikuwa amekwisha kujua, akajua pia kwamba hatimaye amepata mwenzake.

Umesema hutaki kumpoteza. Kwa jinsi ninavyouona mkono aliokushika, yeye ndiye anayeogopa kuachwa peke yake gizani na kitabu ambacho hana wa kukizungumza naye. Alikuita ili usijifanye tena kwamba hujakisoma, nawe ukakimbia bila mwavuli.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Ukimaliza kusoma gazeti hili vaa koti, nenda kwake leo, na kabla hajabandika maji ya chai mwambie, "Thelma, nilikisoma Februari." Sema hayo tu, usiyatilie maelezo, unyamaze umwachie nafasi. Kama mimi nimekosea na yeye hajakisoma, atakasirika, utaomba radhi, na utakuwa umeomba radhi mapema kwa kosa dogo badala ya baadaye kwa kosa kubwa. Kisha mwambie kweli kwamba kitabu ni kibovu, umwulize kama bado anataka kukisikia. Akitaka, msomee kama kilivyo, neno kwa neno, na palipovunjika pasomee palivyovunjika. Mnaweza kusimama katikati mkalia. Vitabu vinaruhusu.

Daftari lako usilichome. Ukishamaliza cha mzee, na yeye akipenda, mwambie hivi ni vichekesho vyangu, thelathini na kimoja, msomee kwa sauti yako mwenyewe bila kusemea puani. Huenda vitano ni vizuri. Clive na kioo chake mwacheni, na wanachama wengine pia, mpaka Thelma aamue la kuwaambia. Kiapo ni chake. Na uanze tena kula jibini, halina hatia.

Ila ukiwa njiani leo acha kufikiria lakiri, ufikirie jambo moja. Mwanamke yule alikuuliza swali, nawe hukumjibu. Hakukuuliza kuhusu Upupu, wala kiapo. Kagonge mlango wake umwambie bukini anaongea vipi.

Shangazi Hester