Kirikuu Ilipochemsha Njia ya Kilema

Soweto, Moshi
14 Januari 2025

Baba Ronald mpenzi,

Habari za Kahama? Ulifika salama baada ya likizo? Sisi wazima, ila mkono wangu umefungwa bandeji. Naandika na kumpa konda wa basi kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana.

Jana nilikuwa napanda Kilema kuchukua ndizi kwa mama yako, niziwahishe sokoni Sanya Juu. Kabla ya kufika misheni kirikuu yetu, hiki kigari cha mizigo, ikaanza kutoa mvuke. Nikashuka, Ronald mgongoni, nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji ya moto yakaruka. Yamenibabua mkono wote. Mtoto yalimpita karibu na sikio. Mpaka sasa nikimnyonyesha namgeuza nilitazame sikio lile.

Gari limevutwa hadi nyumbani. Fundi Eliezeri atakuja kulitazama. Wewe unalijua kuliko yeye. Unafikiri ni nini?

Mkeo,
Mama Ronald


Kahama
21 Januari 2025

Mama Ronald,

Salamu nyingi. Mimi mzima, joto tu la huku. Pole sana na mkono. Mungu ashukuriwe kwa mtoto.

Usihangaike na fundi. Feni za gari lile hazipatikani Moshi, Eliezeri atakuzungusha bure. Liache lipumzike mpaka nije Pasaka. Hiyo biashara nilishakuambia inakuchosha, na watu wanasema sana mke wangu anavyozunguka na gari. Kaa na mtoto.

Mumeo,
Baba Ronald


Soweto, Moshi
2 Februari 2025

Baba Ronald,

Hujambo? Sisi hatujambo, mkono unabanduka ngozi.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Mimi sikukuandikia habari ya feni. Niliandika limechemsha, basi.

Eliezeri alifungua boneti, akainama kutazama, kisha akasema, "Shemeji, feni haijaungua. Haipo. Mwizi angekata waya, huyu amechomoa soketi taratibu na boliti akazirudisha mahali pake. Mwizi gani huyu mwenye adabu?" Akacheka. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Nikakumbuka kwamba siku ya kuondoka ulipitia kwa mama yako, nikachukua bodaboda mpaka Kilema. Mama yako hakuweza kunitazama. "Mumeo alisema niiweke darini nisikuambie. Sikujua ni ya nini, mwanangu." Akaishusha mwenyewe ikiwa ndani ya gunia la kahawa: feni, mota na kava lake, vyote vizima.

Jana tumeifunga. Eliezeri alitoa waya wa betri kwanza, tukaishusha pamoja nyuma ya rejeta, yeye upande wake, mimi kwa mkono mzima, polepole isikwaruze. Akakaza boliti, akachomeka soketi, akarudisha betri, tukajaza maji. Injini ikaunguruma mpaka ikapata moto, na feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Eliezeri akapiga makofi.

Nakupenda, na sitakutangaza kwa ndugu. Lakini gari silipumzishi. Kesho naenda Sanya Juu.

Swali langu ni moja, nijibu kwa mwandiko wako. Ulipoifungua ile feni, ulijua kwamba Ronald hupanda nami?

Mkeo,
Mama Ronald


Kahama
11 Machi 2025

Mama Ronald,

Natumaini mu wazima.

Nilijua. Nilidhani litachemsha hapo hapo Soweto, kabla hujatoka mtaani, ukate tamaa urudi ndani. Mlima sikuufikiria.

Baba Ronald